Nani Aguse Breki ya Gari Kuukuu?

Ugomvi wenyewe huanza na unyevu mdogo tu. Mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 anainama kuangalia tairi la nyuma, anakuta ukuta wake wa ndani umelowa. Anafungua boneti, anakuta mafuta ya breki kwenye chupa yameshuka chini ya alama. Silinda ya gurudumu inavuja. Hapo ndipo sauti tatu hupanda kwa pamoja. Mwenye gari anasema: “Kitu chenyewe kinajaa kiganjani. Bolti mbili, bomba moja, basi. Kwa nini nisikibadilishe mwenyewe hapa nyumbani?” Fundi anamjibu: “Bosi, ungegusa taa au betri nisingefungua mdomo. Breki haichezewi.” Na wa tatu ni mama mwenye genge chini ya mteremko, ambaye hana gari na hategemei kuwa nalo: “Ninyi mnabishania mkono wa nani. Mimi nauliza, likikataa kusimama huko juu, litasimamia wapi kama si hapa kwenye nyanya zangu?”

Katika mjadala huu niko upande wa mwenye gari, ila si kwa sababu anazozitoa. Udogo wa kifaa si hoja. Utambi wa taa nao ni mdogo na huunguza nyumba. Wala bei si hoja, maana anayeweka akiba kwenye breki huwa anakopa kwa mtu asiyemjua. Hoja yangu ni nyingine: breki za mafuta za gari la zamani ni kati ya sehemu chache za gari ambazo ubora wa kazi iliyofanywa unaweza kupimwa kabla gari halijatoka uani, na anayepima hahitaji mashine yoyote. Kinachompa mtu haki ya kurudi barabarani ni kipimo hicho. Kazi iliyofanyiwa gereji bila kupimwa haina haki hiyo, na kazi iliyofanyiwa uani ikapimwa inayo. Fundi na mwenye gari wanapogombania mahali, wote wawili wanalikwepa swali la yule mama.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu hoja nyingi za pande zote zinatokana na kutokijua. Silinda ya gurudumu hukaa ndani ya ngoma ya breki ya nyuma. Ina pistoni mbili zilizopeana migongo, na kila moja ina mpira wa kuzuia mafuta. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, pistoni huzisukuma shuu zikabane ngoma. Hakuna nyaya wala kompyuta. Mpira huzeeka, na mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hunyonya unyevu wa hewa, hupeleka maji kidogo kidogo hadi ndani ya silinda, na chuma kinaanza kuliwa na kutu. Kuna jambo ambalo mafundi wengi wamelishuhudia na wateja wengi hawalielewi: gari linabadilishwa shuu leo, wiki ijayo silinda inaanza kuvuja, na mteja anadhani ameharibiwa. Mara nyingi hajaharibiwa. Shuu za zamani zilipokuwa zimelika, pistoni zilikuwa zimetoka nje zaidi. Shuu mpya nene zimezirudisha ndani, kwenye eneo ambalo kutu ilikuwa ikifanya kazi yake kimya kimya, na mpira uliozeeka unasuguliwa hapo. Ndiyo maana kubadilisha mipira pekee, kwenye silinda yenye vishimo vya kutu, ni kuahirisha uvujaji tu. Hubadilishwa silinda nzima.

Fundi ana haki kusema kwamba hapa hatuchezi. Gari la kilo 1,100 likienda kilometa 80 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 270 hivi, na ili lisimame, karibu nishati yote hiyo lazima igeuke joto kwenye diski na ngoma. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya robo tatu ya lita ya maji, kwa sekunde chache, kila linaposimama. Kwa mwendo wa kilometa 40 nishati hiyo ni robo tu, si nusu, na ndiyo maana breki mbovu humdanganya dereva mtaani ikaja kumuumbua barabara kuu. Anayeshuka Kitonga au Sekenke na breki za kubahatisha hapewi nafasi ya kujifunza.

Mwenye gari ana jibu analolipenda hapa: “Breki za nyuma hazina kazi kubwa. Uzito wote huenda mbele gari likifunga breki.” Nusu ya maneno hayo ni kweli. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mafuta yamegawanywa njia mbili zinazopishana: gurudumu la mbele la upande mmoja limeunganishwa na la nyuma la upande wa pili. Mgawanyo huu uliwekwa ili uvujaji wa mahali pamoja usimwache dereva mikono mitupu. Matokeo yake ni kwamba silinda ya nyuma ikimwaga mafuta yote ya njia yake, haiondoki peke yake, inaondoka na breki ya mbele ya upande wa pili. Pedali inazama, na gari linabaki na nusu ya nguvu. Kwa hiyo hoja ya “ni ya nyuma tu” naitupilia mbali, ingawa anayeitoa yuko upande wangu.

Sasa tumsikilize fundi anapotoa hoja yake yenye nguvu kuliko zote, ambayo si ile ya “haichezewi.” Anasema: “Silinda yenyewe mtoto wa shule anaweza kuifunga. Tatizo ni nati ya bomba. Hiyo imekaa kwenye chumvi na matope miaka 25.” Hapo namvulia kofia. Nati hiyo ndogo ndiyo njia panda ya kazi yote. Spana ya kawaida hushika pembe mbili tu, na nati laini iliyoshikwa na kutu inaliwa, inakuwa duara. Mbaya zaidi, nati inaweza kuganda kwenye bomba, mtu akaizungusha na bomba likajinyonga nayo hadi likakatika. Tangu dakika hiyo kazi si ya silinda tena. Ni ya kutengeneza bomba jipya na kulipanua mdomo kwa kifaa maalumu, tena kwa umbo lile lile la asili. Hiyo si kazi ya uani. Katika sehemu za pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, ambako upepo wa bahari hula chuma usiku na mchana, jambo hili hutokea mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu afikiri mara mbili.

Hata hivyo, ukiiangalia hoja hiyo kwa makini, utaona haisemi kwamba mwenye gari asiguse. Inasema kuna mahali pa kusimama. Anayelowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, akatumia ile spana yenye mdomo unaokumbatia nati karibu pande zote, akajaribu kuilegeza kabla hajafungua kitu kingine chochote, atajua mapema kama kazi inawezekana. Ikigoma, gari halijaharibika zaidi ya lilivyokuwa, na fundi anaitwa aje nyumbani. Mpangilio huu wa kujaribu sehemu ngumu kwanza ni akili ya kawaida, na nashangaa jinsi watu wanavyotumia saa nzima kuvua shuu na springi ndipo wakumbuke bomba.

Fundi haachi. “Na masta je? Anakanyaga pedali mpaka chini akitoa upepo ulioingia kwenye mabomba, anaua masta, halafu ananiletea.” Ni kweli tena, na ni kosa ambalo hata baadhi ya gereji hulifanya. Kwa kawaida mipira ya masta silinda hutembea sehemu fupi ileile kila siku. Pedali ikikanyagwa hadi sakafuni, mipira husogea hadi sehemu isiyotembelewa, yenye uchafu na kutu, ikachanika. Tiba yake ni kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike chini. Anayekanyaga anasikia “kanyaga, shikilia,” anashikilia, aliye chini analegeza kiskurubu cha kutolea upepo, anakifunga, ndipo anasema “achia.” Wakianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, na chupa isiachwe ikauke hata mara moja, upepo unatoka. Kosa linaloepukika kwa kipande cha mbao haliwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi nzima.

Kuhusu mafuta sina huruma na upande wowote. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya kabisa yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya bomba hutoa mvuke, na mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi. Pedali inakuwa kama sponji. Kwa hiyo kopo lililofunguliwa na kukaa kabatini miezi kadhaa kwenye unyevu wa Dar es Salaam halifai, liwe la mwenye gari au la gereji. Na anayeongezea mafuta ya injini au ya gia kwa kuwa “mafuta ni mafuta” huvimbisha kila mpira uliomo kwenye mfumo, kuanzia masta hadi magurudumu yote manne. Baada ya hapo hakuna cha kuosha; ni kubadilisha. Kosa hilo halitokani na mahali wala cheti. Linatokana na kutosoma maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha chupa.

Nimesema kazi hii inapimika, na hapa lazima nieleze, maana ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kipimo cha kwanza ni cha pedali. Injini ikiwa imezimwa, pedali inakanyagwa mara kadhaa hadi nguvu ya busta, kile kisaidizi cha pedali, iishe na pedali iwe ngumu, kisha inashikiliwa kwa nguvu kama nusu dakika na zaidi. Ikizama taratibu, kuna mahali panavuja au masta imekwisha. Ikiwa kama sponji, upepo umebaki. Mguu ukiwa bado pale pale, injini inawashwa: pedali ikishuka kidogo, busta nayo ni nzima. Hayo yote yamefanyika gari likiwa limesimama, wala tairi halijagusa lami. Ukitengeneza sehemu za usukani nyumbani huna kipimo cha namna hii. Hapo ningekuwa upande wa fundi.

Lakini mwenye gari asishangilie mapema, kwa sababu wengi wao huishia hapo. Pedali ngumu huthibitisha kwamba mafuta yamefungiwa. Haithibitishi kwamba gari litasimama. Shuu zilizolowa mafuta ya breki hubana ngoma na kuteleza, au hushika ghafla upande mmoja na kulivuta gari. Wapo wanaoziosha kwa petroli na kuzipiga msasa, kisha wanazirudisha. Mafuta yaliyokwisha kunywewa na shuu hutoka tena zikipata moto. Shuu zilizolowa hubadilishwa, na hubadilishwa za magurudumu yote mawili ya nyuma, la sivyo upande mmoja utabana kuliko mwingine. Kwa hiyo kipimo cha pili ni cha mwendo mdogo mahali patupu, kilometa 20 kwa saa, mikono ikiuhisi usukani kama gari linavutwa. Cha tatu ndicho kinachosahaulika na wote, gereji na nyumbani: baada ya wiki moja ya matumizi ya pole, ngoma ivuliwe tena, na kingo za mipira ya kukinga vumbi kwenye silinda ziinuliwe kwa kucha kuona kama ndani pamekauka. Uvujaji mdogo wa silinda hauonekani kwa nje. Ukisubiri hadi uone ukuta wa tairi umelowa, umechelewa.

Sasa mama wa genge, ambaye swali lake ni zito kuliko yote. Anasema hakukubaliana na mtu yeyote kuhusu jaribio la uani. Barabara ni ya watu wote, na mwenye kujifundishia breki anajifundishia juu ya maisha ya wengine. Sina jibu la kulipuuza. Ninachoweza kumwonyesha ni nchi zilizolikabili swali lake kabla yetu. Magari mengi ya mitumba tunayoyaendesha Tanzania na Kenya yametoka Japani, na huko kufungua breki kumewekwa kwenye kundi la kazi nyeti: anayeifanya kama biashara lazima karakana yake iwe imethibitishwa na serikali. Mwenye gari hakuzuiwa kulifungua lake mwenyewe, ila anatakiwa aandike kazi hiyo kwenye kitabu cha matengenezo cha gari, na gari lenyewe linarudi kukaguliwa kwa vipindi vilivyowekwa. Uingereza nayo ilianzisha ukaguzi wa MOT mwaka 1960, ukiwalenga kwanza wenye magari ya miaka kumi na zaidi, na vilivyokaguliwa vilikuwa breki, taa na usukani. Mpaka leo Mwingereza anaruhusiwa kubadilisha breki kwenye ua wake. Gari lake likienda kwenye ukaguzi, mashine ya kupima breki haiulizi nani alikaza bolti. Inapima nguvu na usawa wa kila upande.

Mama anaweza kunirudi: “Huko wana mashine. Hapa tuna stika.” Amenipata. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ni ukumbusho mzuri, ila huja mara moja kwa mwaka, na silinda haingoji mwaka. Lakini upungufu huo haumuumi mwenye gari pekee; gari lililotoka gereji nalo linapita bila kipimo cha mashine. Penye upungufu wa ukaguzi wa umma, ushahidi wa mtu binafsi unakuwa na thamani zaidi, na hapo ndipo ninapomtaka mwenye gari afanye kitu ambacho sheria haimlazimishi: aandike tarehe, kilometa, kifaa alichobadilisha, aina ya mafuta, na matokeo ya vipimo vitatu. Daftari la shule linatosha.

Limebaki suala la riziki, ambalo fundi hulisema mwisho kwa sauti ya chini. “Kila mtu akijifungia mwenyewe, mimi nitakula nini?” Si swali la aibu. Mafundi wengi wa mitaani walijifunza kwa kushika, sio darasani, na VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, imekuwa ikiwarasimisha watu wa namna hiyo kwa kuupima ujuzi walionao. Maana yake serikali imekwisha kukubali kwamba ujuzi unaotokana na mkono unaweza kupimwa na kutambuliwa. Nami nasema fundi wa namna hiyo ana kitu ambacho kitabu hakina: jicho lililoona mamia ya ngoma. Anaijua silinda ya bandia kwa uzito wake na kwa ukingo wake usiosuguliwa vizuri, hata kama boksi limepigwa chapa ya kampuni kubwa. Mwenye gari anayekwenda dukani peke yake, mtaa wa Kirinyaga Nairobi au Kariakoo, hana jicho hilo. Basi amlipe fundi kwa jicho, badala ya mkono. Kazi ya kuangalia ni kazi.

Kuna mahali ambapo simtetei mwenye gari hata kidogo. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bila stendi, au lililowekwa juu ya tofali, halifai kuingiliwa chini. Tofali hupasuka bila onyo. Vumbi la ngoma halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua kwa macho zipi ni zipi. Hulowanishwa kwa maji na kufutwa. Na mwenye gari lenye ABS asijidanganye kwamba haya yote yanamhusu: upepo ukiingia kwenye kitengo cha ABS, mara nyingi hautoki bila kifaa cha kuunganisha na kompyuta ya gari. Ukuukuu wa gari ndio unaomruhusu mtu kulifungua.

Hukumu yangu basi ni hii. Silinda ya gurudumu na shuu za gari la zamani lisilo na ABS, mwenye gari mwenye stendi, spana sahihi na kopo jipya la mafuta, aguse. Nati ya bomba ikigoma, asimame. Masta silinda na mabomba amwachie fundi. Na siku ya nane ngoma ivuliwe tena mbele ya fundi yule yule aliyekataa mwanzoni, hata kama gari linasimama vizuri. Alipwe kwa kuangalia.